Muulize Bibi wa Maabara: Unga uliokataa kushika

Mwezi uliopita nilijibu swali moja dogo kuhusu CMC (kaboksimethili selulosi), unga wa kutia kwenye sabuni ya maji ili iwe nzito, kumbe nilikuwa nachokoza nyuki. Meseji zimekuja mpaka mhariri akanipigia mwenyewe. Basi leo ukurasa wote ni wa unga huo na ndugu zake. Kwa mgeni: mimi ni mstaafu, nilikaa miaka 26 kwenye maabara ya kiwanda cha rangi Dar es Salaam. Unga mweupe wa kuvitia vitu uzito (uzito wa uji, si wa mizani) nimeupima, nimeumwaga, na siku moja nusura unifukuzishe kazi. Nitalieleza hilo.

*

*Shikamoo Bibi. Natengeneza sabuni ya maji Mbagala, nauzia mama ntilie na watu wa gereji. Kwa ndoo ya lita 20 natumia salfoniki (ile asidi ya kusafishia) kilo moja, slesi (ya povu) kilo moja, soda ashi, chumvi nusu kilo na CMC gramu 150. Nayeyusha kwanza chumvi na soda ashi, natia CMC, nakoroga, ndipo salfoniki na slesi. CMC inafanya madonge yanaelea, sabuni inabaki nyepesi kama maji ya kuoshea mchele. Nikiongeza chumvi inazidi kuwa maji. Na inayobaki hadi wiki ya tatu inanuka. Mwenye duka anaapa CMC yake ni namba moja. Nani muongo kati yetu?*
— Mama wa sabuni, Mbagala

Marahaba mwanangu. Safari hii mwenye duka hana kosa. Vitu vyote unavyo, ila umevipanga kinyume.

Chukua kanga ya pamba. Utaifua mara mia, itapauka, itachanika, lakini haitayeyuka kwenye beseni. Na pamba hiyo karibu yote ni selulosi, yaani shanga za glukosi zilizotungwa kwenye uzi mrefu. Wanga wa muhogo nao ni shanga za glukosi zilezile, lakini uji unaiva kwa dakika chache. Kinachotofautisha ni jinsi shanga zilivyounganishwa: nyuzi za selulosi hulala bega kwa bega, zimekumbatiana, na maji hayapati pa kupita. Kiwandani huilowesha selulosi ya pamba au ya mbao kwenye kostiki soda mpaka inavimba, halafu huipa kemikali inayoning'iniza vishikizo vidogo kwenye uzi. Vishikizo vinazitenganisha nyuzi, maji yanaingia, na kitu kisichoyeyuka tangu dunia iumbwe kinayeyuka kwenye ndoo yako. Wajerumani ndio waliotangulia kuipata CMC kwa njia hiyo, mwaka 1918.

Sasa sikiliza hapa. Vishikizo vya CMC vina chaji hasi, na chaji za aina moja husukumana. Kwa kusukumana huko uzi unanyooka, unatanda, unashika maji mengi, na ndio uzito unaoutafuta. Ukiweka chumvi, sodiamu yake inazizunguka zile chaji na kuzifunika. Zikishafunikwa hazisukumani tena, na uzi unajikunja kama jongoo aliyeguswa. CMC ikiwa imeshafunguka vizuri, chumvi kidogo itaipunguza tu. Lakini wewe umeitumbukiza kwenye maji yenye chumvi tayari! Punje nyingi hazikufunguka kabisa. Gramu zako 150 zimo ndoani, zimelala.

Chumvi ina kazi nyingine tena, na hapa ndipo wengi mnachanganyikiwa. Kwa slesi na salfoniki yenyewe, chumvi huongeza uzito. Huongeza mpaka kileleni, kisha ukizidisha huteremka upande wa pili. Ukiona umeongeza chumvi na sabuni imekuwa maji, ujue umeshavuka kilele. Hakuna kurudi ila kuongeza maji na slesi, na hapo umeshaanza ndoo nyingine.

Madonge nayo. Kwetu ugali wenye madonge ya unga mkavu ndani tunasema una mabuja, na mpishi anachekwa. CMC ni hodari kuliko sembe kwa mabuja: ikigusa maji tu, ngozi ya nje inakuwa ute, na ute huo unayazuia maji yasifike ndani. Unaweza kukoroga mpaka mkono ufe ganzi. Dawa ni kuzitenganisha punje kabla hazijayaona maji.

Fanya hivi, na uanze jioni. Chukua maji lita tisa yaliyochemshwa yakapoa, kwenye ndoo iliyooshwa kwa maji moto. Weka CMC gramu 100, si 150, kwenye kikombe kikavu kabisa, uimiminie glisalini mpaka iwe rojo laini. CMC haiyeyuki kwenye glisalini, kwa hiyo punje zitaelea kila moja peke yake. Mtu mmoja akoroge maji kwa nguvu mpaka yafanye shimo katikati, mwingine amimine rojo lile kwa mkondo mwembamba pembeni mwa shimo. Funika, nenda kalale. Asubuhi ukinyanyua mwiko unapaswa kuona kitu cheupe kidogo, karibu kama kioo, kinateremka kwa uzi mmoja mrefu kama ute wa bamia, bila punje. Ukikuta punje, subiri mpaka saa sita mchana. Usiongeze unga, kwa sababu uzito wa CMC haupandi kwa ngazi sawa. Ukiongeza kiasi maradufu, uzito unaruka mara kadhaa, na kesho yake utakata sabuni kwa kisu.

Kwenye ndoo ya pili, kubwa, weka maji lita nane na soda ashi. Mimina salfoniki taratibu, itafoka povu kama soda iliyotikiswa, ndiyo maana nikasema ndoo kubwa. Glavu na miwani, usinibishie. Povu likitulia pima kwa karatasi ya pH, inayoonyesha ukali wa asidi au wa magadi. Unataka 7 hadi 8. Usikisie kwa ulimi, nimewaona wanaofanya hivyo. Salfoniki ambayo haijatulizwa na soda ashi isiiguse CMC, kwa kuwa asidi kali huirudisha CMC kwenye hali isiyoyeyuka. Weka slesi, koroga polepole usitie povu. Halafu unganisha ndoo mbili.

Chumvi mwisho. Yeyusha robo kilo kwenye lita moja ya maji, tia kikombe kimoja, koroga, ngoja dakika tano, tazama. Kikombe kingine, ngoja, tazama. Ukiona imeshika, acha, hata kama maji ya chumvi yamebaki nusu. Andika umetumia vikombe vingapi. Daftari la sabuni ni mali kuliko mwiko.

Nimebakiza ile harufu, ambayo ndiyo ilitaka kunifukuzisha kazi. Rangi ya maji ya ukutani hupewa uzito kwa HEC, ndugu wa CMC. Ni chini ya asilimia moja tu ndani ya ndoo, lakini bila hiyo rangi inachuruzika ukutani na mchanga wake unatua chini. Ukikoroga au ukipitisha brashi nyuzi zinajipanga upande mmoja, rangi inalegea na kutandazika. Brashi ikiondoka zinasokotana tena, rangi inasimama. Basi mwaka 1994 tulitengeneza rangi nyeupe Ijumaa, nikaipima mwenyewe, iko sawasawa. Jumatatu madumu yamevimba vifuniko, na ndani rangi imekuwa nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Msimamizi akasema nimepunja HEC. Niliitwa ofisini mara mbili. Baada ya siku kadhaa nikagundua kuwa zamu ya usiku, ili kuokoa maji, walikuwa wanahifadhi maji ya kusuuzia matangi na kuyatumia tena, na yale ya safari hiyo yalikuwa yamekaa siku nne kwenye joto la Machi.

Bakteria wanaoota kwenye maji kama hayo hutoa kimeng'enya kinachokata nyuzi za selulosi kama mkasi. Uzi mrefu ukikatwa vipande hauna uzito tena. Na kibaya zaidi, ukitia dawa bakteria wakafa, mkasi wao unabaki ukikata. Kwa hiyo sabuni iliyooza haiponi kwa kuongezewa dawa wala CMC. Imwage.

Kinga ni maji yaliyochemshwa, vyombo vikavu, na kihifadhi kinachofaa. Najua wengi mnatia formalini. Mimi siipendi, inawasha macho na mapafu ya anayekoroga kila siku na imeorodheshwa kuwa inasababisha saratani. Wengine mnatia sodiamu benzoeti mkisema ni salama kwa kuwa imo kwenye juisi. Kwenye juisi inafanya kazi kwa sababu juisi ina asidi. Kwenye sabuni yako ya pH 8 imekaa tu, haiui chochote. Ulizia vihifadhi vya jamii ya isothiazolinoni, ndivyo vinavyotumika kwenye sabuni na rangi, na usizidishe kipimo cha kwenye lebo maana vikizidi vinawasha ngozi.

*

*Bibi, habari za kazi. Mimi fundi marumaru, Dodoma. Nikibandika kwa saruji na mchanga, baada ya miezi michache marumaru zinalia tupu ukizigonga, nyingine zinabanduka na saruji ya chini inakuwa vumbi. Kuna jamaa anauza unga wa kuchanganya kwenye saruji, anasema ni CMC. Nitie kiasi gani?*
— Fundi, Nkuhungu

Usitie. Kama kweli ni CMC, kalsiamu iliyomo kwenye saruji itazikamata zile chaji zake na kuiharibu. Unga wa kazi yako ni HPMC, ndugu mwingine wa CMC, ambao hauna chaji, hivyo saruji haina pa kuukamatia.

Saruji haikauki kama nguo kwenye kamba. Inashikana kwa kunywa maji, na inahitaji muda wa kunywa. Dodoma hewa yenu kavu, upepo wenu nyie wenyewe mnaujua, na sakafu ya chini nayo ina kiu. Mchanganyiko wako unanyang'anywa maji juu na chini kabla saruji haijashiba, ndiyo hilo vumbi unaloliona. HPMC inayashika maji yale na kuyaachia polepole. Pia inafanya mchanganyiko unate, marumaru ya ukutani isiteleze kabla haijashika.

Kiasi ni kidogo kuliko unavyofikiri: gramu 100 hadi 200 kwa kila kilo 50 za mchanganyiko mkavu, yaani saruji na mchanga pamoja. Changanya ukiwa mkavu kabisa, geuza kwa koleo mara nne au tano, ndipo maji. Ukishakoroga uache dakika kumi, koroga tena bila kuongeza maji, anza kazi. Ukizidisha unga, saruji itachelewa kushika na itajaa viputo vya hewa. Na usibandike kwenye ukuta uliopigwa na jua la saa nane, kwa sababu HPMC ina tabia ya ajabu: ikipata joto kali huganda na kuyaachia maji, kinyume na uji. Lowesha ukuta au ngoja jioni.

Gundi ya marumaru ya mfuko ina unga huu tayari, usiongeze.

Halafu niulize na mimi: unaweka madonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati, halafu unagonga kwa nyundo ya mpira? Kama ndivyo, hizo marumaru zitalia tupu hata ukinunua unga wa dhahabu. Kuna utupu kweli chini yake! Tandaza kwa mwiko wenye meno.

*

*Shikamoo. Nimechanganya kondishena ya nywele, nikaongeza CMC iwe nzito, ikakatika ikawa kama maziwa yaliyoharibika. Nimekosea wapi?*
— Dada wa saluni, Arusha

Marahaba. Kinacholainisha nywele kwenye kondishena kina chaji chanya, na CMC ina chaji hasi. Vimekutana, vimekumbatiana, vimezama. Tumia HEC.

*

*Bibi Maabara, nina duka la malighafi Mwanza. Mvua ilinyeshea lori, magunia matatu ya unga mweupe maandishi yamefutika. Najua moja ni CMC, moja HPMC, moja sikumbuki kama ni HEC au wanga. Nitajuaje bila kupeleka maabara?*
— Muuza malighafi

Swali hili nimelipenda mpaka nikaenda jikoni kulifanya upya kabla ya kukujibu.

Kwanza, kama maji yameingia ndani ya gunia na unga umeshikana, hilo litupe, usihangaike nalo. Kwa makavu, kwa kila gunia chukua bilauri ya maji baridi, nyunyiza kijiko cha chai kimoja cha unga huku ukikoroga, uache mpaka kesho. Usiku huo wanga utajisaliti mwenyewe: kwenye maji baridi unatua chini kama chokaa, juu maji yanabaki maji. Ukitaka uhakika tone moja la ayodini ya vidonda litaugeuza bluu hadi nyeusi. Hizi nyingine hazigeuki hivyo. Fanya jaribio la ayodini hata kwa gunia lenye maandishi, kwa kuwa wanga ni rahisi na wachakachuaji wanalijua hilo.

Unga uliokuwa ute ugawe mara mbili. Sehemu ya kwanza itie maji ya shabu, ile ile wanayouza Kariakoo na kwenye masoko yote. Saga kipande, yeyusha kwenye kikombe, mimina kidogo. Ute wa CMC ulinikatika mbele ya macho, ukatoa mabonge meupe kama mtindi. Wa HPMC ulikaa kimya.

Sehemu ya pili ipashe moto kwenye sufuria ndogo, ukikoroga. Hapa ndipo wajukuu zangu waliacha simu wakaja kutazama. HPMC ilikuwa safi kama maji. Ilipokaribia kuchemka ikawa nyeupe, ikaganda vipande, maji yakajitenga. Nikaepua, nikaweka sufuria ndani ya beseni la maji baridi, nikakoroga. Ikarudi safi, nzito kama mwanzo. Unaweza kurudia hata mara kumi. CMC na HEC ukizipasha zinalegea tu, zikipoa zinarudi.

Kwa hiyo usiokatika kwa shabu wala kuganda kwa moto, huo ni HEC. Ila kuna gamu ya guari, unga mwingine wa kutia uzito, inayopenya tundu hilohilo. Inuse, ina harufu ya maharage mabichi.

Jaribio hili linakuambia ni unga gani. Halikuambii ni wa daraja gani. Usiuze hata mmoja kwa watu wa vyakula.

*

*Bibi, asalaam aleikum. Natengeneza askirimu za maziwa na za ukwaju, Tanga. Zikikaa kwenye friza zinafanya chembe za barafu. Jirani anayetengeneza sabuni kaniambia nichukue CMC yake, ni ileile inayotiwa kwenye askirimu za viwandani. Ni kweli?*

Waaleikum salaam. Jirani kasema ukweli nusu. Askirimu nyingi za viwandani zina CMC, tafuta E466, namba ya CMC kwenye vyakula, kwenye karatasi yake. Inayafunga maji ili yasikutane na kujenga chembe kubwa za barafu. Lakini ya chakula inatakiwa iwe safi kwa asilimia 99.5 au zaidi. Ya sabuni huachiwa chumvi na mabaki ya kemikali yaliyotokea kiwandani, kwa sababu ndoo ya sabuni haijali, na mabaki hayo huweza kufika robo ya gunia au hata zaidi. Mrudishie jirani unga wake, mwambie asante.

Ukipata ya chakula, gramu 10 hadi 15 zinatosha lita tano. Changanya na sukari ikiwa kavu, sukari ndiyo itakayozitenganisha punje, kisha nyunyiza kwenye maziwa ya uvuguvugu huku ukipiga kwa mchapo. Kwa ya ukwaju, ifungue CMC kwenye maji matupu kwanza, ukwaju uje baadaye. Asidi ikitangulia utalia kama mwenzako wa Mbagala na chumvi yake.

Mtu hawezi kuimeng'enya, inapita tu kama makapi. Wakaguzi wa kimataifa wa vyakula hawakuiwekea kikomo cha kiasi kwa siku. Ila mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa watu 16 wenye afya. Waliopewa gramu 15 kila siku kwa siku 11 walibadilika bakteria wa tumboni, na si kwa uzuri. Kikombe chako cha askirimu cha mililita 100 kitakuwa na gramu 0.3 hivi. Mimi ningekula, na mjukuu ningempa.

*

*Daktari wa macho ameniandikia matone ya haipromelosi asilimia 0.3, macho yangu ni makavu. Mwanangu amesoma intaneti akasema hiyo ni HPMC, unga wa marumaru. Naogopa kutia.*
— Mzee, Morogoro

Shikamoo mzee wangu. Mwanao amesoma vizuri. Ni jamii ileile, na inafanya kazi ileile: kule inashika maji kwenye saruji, kwako inashika machozi juu ya jicho yasikauke kabla hujapepesa. Ila ya kwako imesafishwa kwa kiwango cha dawa, imepimwa uzito wake, na imetiwa kwenye chupa isiyo na kijidudu. Mimi mwenyewe natia ya namna hiyo, tone moja kila jicho kabla sijaanza kusoma barua zenu. Kwa sekunde chache utaona ukungu, subiri uondoke ndipo usimame. Ncha ya chupa isiguse kope. Na siku ukiifungua andika tarehe kwa kalamu kwenye lebo. Wiki nne zikipita itupe, hata kama imebaki nusu.